Laki Sita kwa Chumba Kimoja

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa zamani alikuja ofisini akiwa na bahasha mkononi na furaha asiyoweza kuificha. Amepata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu. Baada ya pongezi alitoa daftari, akaniuliza swali ambalo hata mimi niliwahi kumuuliza mtu kabla sijaondoka nchini mwaka 2013: "Dokta, maisha ya kule ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Nikamtajia makadirio ya kodi, bima na chakula, naye akaandika. Kisha akafanya kile ambacho kila Mtanzania hukifanya: akachukua simu, akafungua kikokotoo, akazidisha kila tarakimu kwa thamani ya yuro ya siku ile. Uso ukamshuka. "Mbona ni ghali hivi, Dokta? Mshahara mzima wa mtu unaishia kwenye kodi ya chumba!"

Nilitaka kumwambia aache kuzidisha. Sikumwambia, kwa kuwa maelezo yake ni marefu, na yanapita nyumbani kwa mama yangu Kinampanda. Mambo ya namna hiyo hayasemeki ofisini saa sita mchana huku wanafunzi wengine wanagonga mlango. Nayaandika hapa.

Kwa msomaji asiyeijua, Kinampanda ni kata katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Kutoka Singida mjini unashika barabara ya Nzega, unaiacha Misigiri na kuelekea upande wa Kiomboi. Wengi wanaoifahamu wanaifahamu kwa chuo chake cha ualimu, maana walimu waliopita pale wametawanyika nchi nzima. Marehemu baba yangu alikuwa mpishi. Mama alikuwa mkulima wa alizeti na uwele, na mahindi kidogo mwaka ambao mvua imekubali. Sisi watoto tulisomeshwa kwa sufuria ya baba na jembe la mama, na mimi nilipopata nafasi ya kwenda Bayreuth, kijiji kizima kilihesabu kwamba sufuria na jembe sasa vinaweza kupumzika.

Bayreuth ni mji mdogo wa kaskazini mwa Bavaria. Dunia inaujua kwa tamasha la opera za Wagner linalofanyika kila kiangazi. Watu wa fani yangu wanaujua kwa chuo kikuu chenye masomo ya Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ufadhili wangu ulikuwa yuro 1,000 kwa mwezi. Yuro moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,200, kwa hiyo kwa hesabu ya kikokotoo nilikuwa mtu wa milioni mbili na laki mbili kila mwezi, tena bila kukatwa kodi. Kodi ya chumba, pamoja na maji na joto, ilikuwa yuro 260. Bima ya afya, ambayo sheria ya kule hairuhusu mtu kuishi bila hiyo, ilichukua zaidi ya yuro 150. Kulikuwa na ada ya redio na televisheni, yuro 17 na senti 98 kila mwezi, ambayo kila nyumba hulipa hata kama ndani hamna televisheni. Barua yao ya kwanza niliitupa nikidhani ni utapeli. Ya pili ilikuja na nyongeza ya kuchelewa, nikajifunza adabu. Kunyoa nywele kwa kinyozi aliyejua nywele zetu kulinigharimu yuro 12, yaani shilingi 26,400 kwa kazi ya dakika ishirini. Baada ya mara mbili nilinunua mashine yangu, nikawa najinyoa mwenyewe mbele ya kioo, na kisogo nikimwachia Mungu.

Kila Jumapili jioni nilimpigia mama kupitia simu ya mdogo wangu. Jumapili moja, katika miezi ya mwanzo, aliniuliza huku tunaishije. Nikamwambia maisha ni ghali sana, chumba kimoja tu ni karibu laki sita.

"Laki sita kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, mama."

Alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa majirani wasisikie: "Na kina vyumba vingapi ndani yake, baba?"

"Ni chumba chenyewe kimoja, mama. Jiko tunashirikiana wanne."

"Mungu wangu! Wanawafanya nini huko?"

Nilicheka, na wiki ile nikawasimulia Watanzania wenzangu wawili tuliokuwa nao pale, nao wakacheka. Msomaji aliyewahi kuishi ughaibuni ataelewa kwa nini nililisema jambo lile na kwa nini niliendelea kulisema. Simu kutoka nyumbani zilikuwa nyingi. Binamu alihitaji ada, baba mdogo alihitaji bati, kamati ya harusi ya mtu nisiyemkumbuka ilikuwa imeshaniandika kwenye daftari la michango. Ukisema huna, unaonekana mwongo na mwenye roho mbaya. Ukitaja kodi ya chumba kwa shilingi, mtu wa upande wa pili anashtuka, anakuonea huruma na kukata simu mwenyewe. Ilikuwa ngao nzuri. Kila tarakimu niliyoitaja ilikuwa ya kweli, risiti ninazo mpaka leo. Lakini sikumwambia mtu yeyote kwamba baada ya kulipa hayo yote, na baada ya kula vizuri, nilibaki na yuro mia mbili na zaidi, na kwamba kati ya hizo nilinunua baiskeli, koti la baridi na tiketi ya treni ya kwenda kuiona Berlin.

Mwaka 2015 ndipo nilipoanza kushuku kikokotoo changu. Januari mwaka ule Ujerumani ilianza kutumia, kwa mara ya kwanza, kima cha chini cha mshahara cha taifa zima: yuro 8 na senti 50 kwa saa. Jirani yangu, mwanafunzi kutoka Kisumu aliyekuwa akiosha vyombo mgahawani, alilipokea jambo lile kama sikukuu. Siku moja tulikwenda naye dukani kununua mafuta ya kupikia. Nikachukua chupa ya lita moja, nikaisoma: mafuta ya alizeti. Bei yake ilizidi yuro moja kwa senti chache tu. Mimi, kwa mazoea, nikazidisha na kusema ni kama shilingi 2,500. Yeye hakuzidisha chochote. Alisema, "Hiyo ni dakika nane zangu."

Usiku ule sikulala mapema. Kinampanda, msimu uleule, lita ya mafuta ya alizeti ilikuwa shilingi 3,000, na kibarua wa kupalilia alizeti alilipwa shilingi 4,000 kwa siku nzima ya jua. Yaani mtu anayeikuza alizeti, anayeipalilia na kuivuna na kuipiga kwa fimbo mpaka mbegu zitoke, alihitaji robo tatu ya siku ili anunue lita ya mafuta yake mwenyewe, na muosha vyombo wa Bayreuth, ambaye pengine hajawahi kuliona ua la alizeti shambani, aliipata kabla sufuria ya kwanza haijakauka. Nikaendelea kuandika. Mfuko wa saruji. Daftari la mtoto. Sukari. Baiskeli. Kila nilipopima kwa saa za kazi badala ya shilingi, nchi mbili zilibadilishana nafasi. Kule, ghali ilikuwa mkono wa mtu: kinyozi, fundi bomba, mhudumu wa mgahawa. Vitu vilikuwa rahisi. Kwetu vitu ndivyo ghali, na kilicho rahisi ni mkono wa mtu. Ndiyo maana mgeni kutoka Ulaya akifika Singida hushangaa jinsi maisha yalivyo nafuu: ananunua mikono yetu kwa fedha aliyopata kwa kuuza ya kwake kwa bei ya kule.

Nilifurahia ugunduzi wangu kama msomi anavyofurahia. Nilifikiri hata kuuandikia makala. Haukunijia hata kidogo wasiwasi kwamba kuna mtu aliyekuwa bado anaishi ndani ya hesabu yangu ya kwanza.

Kiangazi cha mwaka huohuo niliugua kidole tumbo. Nilichukuliwa usiku, nikafanyiwa upasuaji alfajiri, nikalala hospitali siku nne. Bili niliyoletewa ilikuwa yuro 40, yuro kumi kwa kila siku ya kulala. Yote mengine yalikuwa juu ya bima ileile niliyokuwa nikiilalamikia kila mwisho wa mwezi. Nilimweleza mama nilipopona. Aliuliza kama kule wanampa mgonjwa uji.

Machi 2016 mdogo wangu alinipigia siku ya Jumatano. Simu ya Jumatano haikuwa desturi yetu. Mama alikuwa ameanguka jikoni, upande wa kushoto umekufa ganzi, mdomo umepinda. Walikodi gari la mtu mpaka Kiomboi, na kutoka huko akapelekwa Singida. Nilipofika siku sita baadaye, kwa tiketi niliyokopa kwa marafiki watatu, alikuwa ameanza kuongea, maneno yakitoka mazito kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Alinishika mkono kwa mkono wake wa kulia na kusema, "Umeacha shule."

Siku zilizofuata nilijua yaliyotokea, kidogo kidogo, kutoka kwa mdogo wangu ambaye alikuwa ameapishwa asiniambie. Mama alikuwa na presha tangu mwaka 2014. Alipimwa, akaandikiwa dawa za kumeza kila siku. Dawa zile pamoja na nauli ya kwenda kuzichukua zilimgharimu kama shilingi 15,000 kwa mwezi. Alizimeza kwa muda. Alizeti ilipokuwa mbaya akauza mbuzi mmoja, kisha wa pili. Mbuzi walipokwisha akaanza kumeza dawa siku moja na kuacha siku mbili, kisha akaziacha kabisa, kwa kuwa alijiona hana maumivu. Kila Jumapili nilipomuuliza hali, alisema, "Hatujambo, tuko salama." Mdogo wangu alimwomba mara nyingi anieleze. Alimjibu kwamba mtoto anayelipa laki sita kwa chumba kimoja hawezi kuongezewa mzigo. Kama anapata muda wa kula, na tumshukuru Mungu.

Shilingi 15,000 zilikuwa chini ya yuro saba. Bayreuth, ukirudisha dukani chupa tupu ya plastiki, mashine inakurudishia senti 25. Chupa ishirini na nane. Katika kona ya jiko letu la pamoja hazikupungua chupa arobaini wakati wowote, na tulikuwa tukisukumana nani azipeleke.

Nimekaa na hesabu hiyo karibu miaka kumi. Wenzangu niliowaeleza huniambia kwamba sikulipwa ili niwe mganga, na kwamba hata wenye dawa mkononi hupatwa na kiharusi. Ni kweli. Ninachojua ni kwamba mama hakudanganywa na mtu mwingine. Alimwamini mwanawe mwenye shahada, aliyemtajia bei ya kweli na kumficha kila kitu kinachoipa bei ile maana.

Matibabu yale yalilipwa kwa magunia yaliyokuwa ghalani, kwa mchango wa ukoo na kwa deni langu. Mama alikuwa na miaka 58. Sera yetu ya afya inasema wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea wanatibiwa bure. Alipungukiwa miaka miwili. Hapo ndipo neno "nafuu" lilipobadilika kichwani mwangu. Nyumba ya mama haikuwa na kodi. Kuni alizikata, maji aliyachota, mlenda aliuchuma nyuma ya nyumba. Ukimuuliza mtafiti wa matumizi ya kaya, atakuandikia kwamba mwanamke yule aliishi kwa fedha kidogo sana, na atakuwa sahihi. Maisha yake yalikuwa nafuu kila siku mpaka siku ya Jumatano, na siku ile moja ikala mifugo, ghala, akiba za ndugu na mkono wake wa kushoto. Mimi kule niliishi ghali kila mwezi, na siku yangu ya hatari ikaja na bili ya yuro 40. Sijui ni kikokotoo gani kinachoweza kuziweka nchi hizi mbili kwenye mstari mmoja.

Nilirudi nchini mwaka 2017, nikaanza kufundisha na kuishi Dar es Salaam. Huko nako nilijifunza upya. Mwenye nyumba wangu wa Bayreuth alichukua amana ya miezi mitatu, akaniwekea, akanirudishia nilipoondoka. Kodi nililipa mwezi kwa mwezi. Dar es Salaam nilitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo kabla sijapewa ufunguo, na mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi halazimiki kuniuliza fedha hiyo hutoka wapi. Bayreuth mtoto wa profesa na mtoto wa mfagiaji wa ofisi yake wangeweza kukaa dawati moja katika shule ya umma. Hapa sisi tunaojiita watu wa kati tunanunua kila kitu mara ya pili: shule, tenki la maji, mlinzi, hata usafiri, na tukimaliza tunasema nyumbani maisha ni rahisi, nyanya ni mia mbili fungu. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnalijua hili kuliko mimi.

Ilipofika mwaka 2022, vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta ya alizeti duniani, maana Ukraine na Urusi ndizo zinazoongoza kwa zao hilo. Yule rafiki yangu wa Kisumu, ambaye sasa anaishi na familia yake kulekule, alinitumia picha ya rafu tupu ya duka na tangazo kwamba kila mteja atauziwa chupa chache tu. Kwetu bei ya mafuta ilipaa vilevile. Mdogo wangu alisema, "Kaka, huu ndio mwaka wetu," akaongeza ekari mbili. Serikali nayo ikapunguza ushuru wa mafuta yanayotoka nje ili mlaji apumue, na ni haki mlaji apumue. Lakini mwaka 2023, mavuno yalipotoka, bei ya mbegu za alizeti ilianguka, na wakulima wa Singida walilalamika nchi nzima ikasikia. Mdogo wangu aliuza gunia kwa chini ya nusu ya bei ya mwaka uliotangulia. Mafuta dukani Kinampanda hayakushuka kwa nusu. Hapo mtu mmoja, katika nyumba moja, alikuwa mlaji aliyehurumiwa na mzalishaji aliyesahauliwa, na sioni kwamba wale waliokaa mezani kupanga ushuru walimtambua kuwa ni yuleyule.

Mei Mosi 2025 sherehe za kitaifa zilifanyika Singida, katika uwanja wa Bombadia, na hapo Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Nilifurahi, nina ndugu na wanafunzi wengi walioguswa na nyongeza ile. Jioni mdogo wangu alinipigia. Alikuwa amesikiliza redio pamoja na mama. "Kaka, hongereni," akasema. "Na sisi wa jembe tumeongezwa ngapi?" Hakuuliza kwa hasira. Nikamwambia wao hawana mwajiri wa kuwaongeza. Akasema, "Basi huyo asiyekuwepo ndiye anayetupangia bei ya gunia?" Tukacheka. Mimi nafundisha uchumi wa siasa, na sijapata bado jibu la kumpa linaloshinda kicheko kile.

Mama yupo. Mkono wa kushoto unashika kikombe lakini haushiki jembe. Dawa zake sasa zinanunuliwa na mimi kwa miezi mitatu mitatu, na mdogo wangu ana kazi ya kunipigia picha ya pakiti kila mwezi nihesabu vidonge vilivyobaki. Mama anauita huo upolisi. Bado huniuliza, nikimwambia nasafiri kwenda mkutano mahali, kama huko nako wanakodisha vyumba kwa laki sita.

Nilimpigia simu yule mwanafunzi jioni ileile. Nikamwambia makadirio niliyompa ni sahihi, ayatunze, lakini afungue ukurasa wa pili katika daftari lile na aandike mambo ya nyumbani kwao: nani anameza dawa gani, zinagharimu kiasi gani, nani ana bima na nani hana, mwaka huu ghalani kuna magunia mangapi. Asisubiri kufika kule ndipo aulize. Aulize sasa, akiwa bado ni mtu asiye na kitu, kwa sababu wakati huu ndipo watamjibu.

Juzi alinitumia ujumbe. Alikuwa amempigia mama yake kama nilivyomwagiza, na mama amesema hakuna shida yoyote, wako salama. Nikamwandikia: "Muulize tena. Na usimtajie kodi ya chumba."